Kifaranga Kazubaa, Mtoto Anaharisha: Kutafuta Chanzo Penye Kuku na Watoto Wadogo

Ukifuga kuku nyuma ya nyumba na una mtoto wa miaka miwili, mitatu au minne, kila tatizo lina milango miwili. Kifaranga anaweza kuzubaa kwa ugonjwa, au kwa kuwa amebebwa asubuhi nzima. Kuku anaweza kuacha kutaga kwa kukosa mwanga, au kwa kuwa kuna mtu mdogo anayemfurusha kila akiingia kiotani. Na mtoto akishikwa na tumbo, banda nalo lihojiwe. Nimezoea kuanza na swali moja kabla sijafikiria dawa: nani amegusa nini? Muulize mtoto kwa upole. Akijua atagombezwa hatasema, nawe utabaki kutibu ugonjwa usiokuwepo.

Vifaranga wanalia bila kunyamaza

Tazama kwanza walivyokaa. Wakirundikana chini ya taa, wanasikia baridi. Wakikimbilia pembeni, mabawa yamelegea na midomo wazi, joto limezidi. Wakijibana upande mmoja, kuna upepo unaopenya upande wa pili. Wakitawanyika, baadhi wakila na wengine wamelala, joto linatosha hata kama kipimajoto kinasema vingine. Kwa kuanzia, wiki ya kwanza wanahitaji nyuzi 32 hadi 35 za Selsiasi usawa wa migongo yao, kisha unapunguza kama nyuzi 3 kila wiki mpaka manyoya yakamilike, kwenye wiki ya 5 au ya 6.

Jana walikuwa wametulia na leo wanalia? Uliza nani alisogeza taa, nani aliacha mlango wazi, nani aliondoa kifuniko ili awaone vizuri. Huyo "nani" mara nyingi hafiki hata usawa wa kiuno chako. Kifaranga aliyetolewa kwenye joto hupoa baada ya dakika chache tu, na akirudishwa kwenye kona yenye giza anaweza kushindwa kurudi kwenye taa.

Hapa nasisitiza jambo la usalama kabla ya jambo la ufugaji. Taa ya joto ining'inizwe kwa mnyororo, si kwa waya wake wa umeme, na uweke kishikizo cha pili endapo cha kwanza kitaachia. Ikidondokea maranda makavu inawasha moto, na mtoto akiigusa ataungua. Weka uzio ambao mkono wake hauwezi kupita. Kama unatumia mkaa kuwapa joto, usiuweke kamwe kwenye chumba anacholala mtu. Gesi ya kaboni monoksidi haina rangi wala harufu, na huua watu kama inavyoua kuku.

Kilio kinaweza pia kuwa cha kiu. Wahenga walisema mtoto wa kuku hafunzwi kuchakura, na ni kweli, lakini kunywa maji mara nyingi huonyeshwa. Kifaranga aliyetoka kwenye yai anaweza kukaa hadi saa 72 akitumia akiba ya kiini iliyobaki tumboni, kisha akiba inakwisha. Chovya ncha ya mdomo wa mmoja wawili majini, wengine wataiga. Angalia pia chombo chenyewe: mtoto mwenye huruma akiona maji yamepungua huleta bakuli, na ndani ya bakuli la kina cha vidole vinne kifaranga huzama. Jaza kokoto safi kwenye kinyweshea mpaka maji yabaki kwenye nafasi zake tu.

Kuna hofu moja isiyo na sababu. Kifaranga wa siku chache hulala ubapa, shingo imenyooka, kama aliyekufa, na mtoto atakuja mbio akilia. Subiri kidogo. Akiguswa na mwenzake atainuka na kwenda zake.

Mmoja amezubaa, wengine wazima

Ugonjwa wa kuambukiza ukiingia bandani kwa kawaida hauchagui mmoja kisha ukakoma. Mmoja akiwa hoi katikati ya wenzake wachangamfu, mimi hufikiria kubebwa kwanza, na mara nyingi zaidi huwa ni kipenzi cha mtoto, yule mwenye rangi tofauti.

Mtoto wa miaka mitatu anapoogopa kuangusha kitu, anakibana. Sasa kuku hana ule msuli mpana tulio nao sisi chini ya mapafu, unaovuta pumzi. Yeye hupumua kwa kuinua na kushusha mfupa wa kidari. Kidari kikibanwa, hewa haiingii hata kama pua na mdomo viko wazi, na kifaranga huishiwa pumzi mkononi mwa mtoto anayempenda bila mtoto kujua lolote. Hili nalieleza kwa kila mzazi kwa sababu wengi hudhani kubana ni kubana shingo.

Akiwa bado anapumua, mrudishe kwenye joto, kando ya wenzake lakini ametengwa kwa wavu, na umwachie maji karibu. Usimlazimishe kunywa kwa kumwaga maji mdomoni, yataingia kwenye mapafu.

Wataalamu wa afya hushauri watoto wa chini ya miaka 5 wasishike kuku wala vifaranga kabisa, kwa sababu nitakayoifikia nikizungumzia kuharisha. Nakubaliana nao, na sioni kwamba mtoto anapungukiwa. Mpe kazi ya macho: ahesabu, ataje nani ananywa, aje kukuambia nani amejitenga. Mtoto wa miaka minne aliyepewa kazi hii huona kifaranga mgonjwa kabla yako. Mkubwa zaidi akishika, aketi chini kabisa, kifaranga awe mapajani, viganja vimzunguke kama ukuta bila kumfumbata, kwa dakika chache, mtu mzima akiwa hapo hapo.

Chunguza miguu pia. Watoto hupenda kufunga uzi au utepe ili wamtambue "wao". Mguu unakua, uzi haukui, na siku chache baadaye nyayo zimevimba na kifaranga hasimami. Kata uzi kwa uangalifu. Alama ya rangi nyekundu nayo ni hatari: kuku huvutwa na wekundu unaofanana na damu, na wenzake wataanza kumdonoa hapo hapo. Akitaka alama, chukueni rangi ya chakula ya kijani au bluu, tone moja mgongoni.

Anachechemea au miguu imetanuka

Miguu ikitanuka kushoto na kulia kama ya mtu aliyeteleza, tazama sakafu. Magazeti na plastiki laini huteleza, na kifaranga wa siku za mwanzo hana nguvu ya kuvuta miguu irudi. Weka maranda au kitambaa cha kukwaruza kidogo. Mfungie miguu pamoja kwa plasta laini, ukiacha upana wa kawaida kati yao, umfungue baada ya siku mbili tatu uone. Akianza mapema hupona. Akisubirishwa wiki, mifupa imeshazoea.

Vidole vikijikunja kwa ndani kama ngumi, fikiria upungufu wa vitamini B2, hasa kama wanakula mabaki ya mezani badala ya chakula cha vifaranga. Kuku wa wiki 6 na kuendelea akilala mguu mmoja mbele na mwingine nyuma, huenda ni Marek, ugonjwa wa virusi usio na tiba, ambao chanjo yake hutolewa siku ya kwanza ya kuanguliwa. Na akianza kuchechemea ghafla, mguu umening'inia, ameanguka. Uliza, kwa upole ule ule, alianguka kutoka wapi.

Kinyesi kimeganda nyuma

Hutokea zaidi wiki ya kwanza. Kinyesi kimeziba tundu la haja na kifaranga anajikamua bure. Chanzo cha kawaida ni baridi, joto kupita kiasi, au uchovu wa safari na kushikwashikwa. Lowesha kwa pamba na maji ya vuguvugu mpaka kilainike, ondoa taratibu, mkaushe, mrudishe kwenye joto. Usivute kikavu, ngozi itachanika. Na usichanganye tundu la haja na kitovu, kilicho chini zaidi tumboni. Kikovu kikavu cha kitovu kiache kidondoke chenyewe.

Kinyesi kina damu

Wana wiki 3 hadi 6, wamejikunyata, mabawa yameshuka, hawali, na kwenye matandazo kuna damu au rangi ya kahawia iliyokolea. Huku ndiko kuhara damu, kazi ya koksidia, vimelea wadogo wa utumbo. Mayai yao hutoka na kinyesi, na penye unyevu na joto hukomaa ndani ya siku moja au mbili yakawa tayari kuambukiza. Kwa hiyo mzizi wa tatizo ni majimaji. Gusa matandazo kuzunguka kinyweshea. Kama yameloa, jibu umelipata, na kama mtoto huchezea maji hapo kila siku, umepata pia anayemwagia.

Dawa inayotumika sana ni amproliamu kwenye maji ya kunywa, kwa kipimo cha kwenye pakiti. Inafanya kazi kwa kuwanyima vimelea vitamini B1, ndiyo maana ukichanganya na vitamini za kundi B siku hizo hizo unaidhoofisha. Wengi hukosea hapa: wanaona kifaranga kadhoofu, wanaongeza vitamini, kisha wanashangaa dawa haikufanya kazi. Vitamini zije baada ya dozi kwisha. Ondoa matandazo yote yaliyoloa, nyanyua kinyweshea hadi usawa wa migongo yao.

Mzazi akiona damu ile huogopa kwanza kwa ajili ya mtoto wake. Koksidia wa kuku hawamwambukizi binadamu. Anayemwambukiza mtoto mara nyingi ni kuku mwingine kabisa, mzima, mnene, macho yanang'aa.

Mtoto anaharisha

Kuku anaweza kubeba salmonela utumboni bila kuonyesha dalili yoyote. Bakteria hutoka na kinyesi, wakashika kwenye manyoya, miguu, mdomo, maganda ya mayai, vyombo, na udongo wote anaoparura. Vifaranga pia hubeba, na wao ndio wanaobusiwa. Kwa mtoto hufuata kuharisha, homa na kuumwa tumbo, kuanzia saa 6 hadi siku 6 baada ya bakteria kuingia. Kwa hiyo usitafute chanzo kwenye mlo wa leo tu. Rudi nyuma wiki nzima.

Rudi nyuma kwa miguu, siyo kwa kumbukumbu. Toka bandani hadi alipo mtoto, ukifuata kila kitu kinachosafiri. Viatu ulivyovaa bandani viko wapi sasa? Kinyweshea kilioshwa kwenye beseni la vyombo vya kulia? Mayai yenye kinyesi yalikaa juu ya meza gani? Kuku huingia ndani hadi kwenye mkeka anaotambaa mdogo? Nimeona nyumba ambako mtoto mgonjwa hakuwa amegusa kuku hata mara moja. Kaka yake alikuwa akirudi kutoka bandani na kumlisha kwa mkono.

Ukishaona njia, ifunge. Viatu vya banda vibaki nje. Vyombo vya kuku vioshwe nje. Hakuna kula, kunywa wala kunyonya kidole karibu na kuku, na hakuna kumbusu wala kumweka shavuni. Mikono ioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa sekunde 20, na wa chini ya miaka 5 aoshwe na mtu mzima, kwa sababu mtoto akiambiwa anawe, analowesha. Yai lipikwe hadi ute na kiini vigande.

Wengi hupona baada ya siku 4 hadi 7, cha muhimu ni maji mwilini: mpe maji ya chumvi na sukari ya pakiti za dawa, kidogo kidogo, mara kwa mara. Usimpe dawa ya kufunga tumbo bila kuelekezwa. Mpeleke hospitali bila kungoja akiwa na damu kwenye choo, homa kali, akitapika kila anachokunywa, akikojoa kidogo, macho yakizama, au kuharisha kukipita siku 3. Mtoto mchanga wa chini ya mwaka mmoja asingojewe hata hizo dalili. Na sema mapema kwamba nyumbani kuna kuku. Daktari asipojua hilo anaweza kuanza kutafuta mbali.

Mtoto anajikuna, au kuku ana vipele

Vidoti vyekundu vinavyowasha kwa aliyetoka kuokota mayai vinaweza kuwa kazi ya utitiri. Mchana hujificha kwenye nyufa za fito, usiku hutoka kunyonya damu ya kuku. Pita usiku na tochi, futa chini ya fito kwa kitambaa cheupe. Mistari ya damu ikibaki, ndio hao. Wanamuuma mtu lakini hawazaliani mwilini mwake, kwa hiyo dawa ni ya banda: toa matandazo yote, safisha nyufa, weka dawa iliyotengenezwa kwa ajili ya kuku, rudia baada ya wiki kwa walioanguliwa. Watoto wasiingie mpaka pakauke.

Vipele vyenye magamba kwenye upanga wa kichwani na kuzunguka macho ya kuku ni ndui ya kuku, inayosambazwa na mbu. Jina linatisha bure. Ndui ya binadamu ilitangazwa kutokomezwa mwaka 1980, na hii ya kuku ni virusi vingine visivyomwambukiza mtu. Mtoto akipata tetekuwanga wiki hiyo hiyo, ameipata kwa mtoto mwenzake.

Jogoo anamrukia mtoto

Jogoo aliyekuwa mpole hubadilika akifika miezi 4 hadi 6. Kabla ya kuruka hutoa taarifa: anashusha bawa moja na kuzunguka ubavu ubavu, manyoya ya shingo yamesimama, anaparura ardhi akikutazama. Mtu mzima huona mchezo. Mtoto uso wake uko usawa wa vipi vya jogoo, ile miba ya miguuni, na jicho likichomwa halirudi.

Chunguza kilichomchochea. Je, mtoto huwakimbiza mitetea? Humchokoa kwa fimbo kupitia wavu? Hukimbia anapomwona? Kukimbia kwake jogoo hukusoma kama kushindwa, naye hufuata. Wakati mwingine chanzo ni mapenzi ya zamani: jogoo aliyelelewa mikononi amepoteza woga kwa watu, na aliyepoteza woga hupigana nao kama wanavyopigana majogoo wenyewe.

Tenganisha kwa uzio siku ile ile. Wapo wanaosema jogoo hufundishika, na huenda akaacha kumrukia mtu mzima, lakini mimi simpi nafasi ya pili aliyemrukia mtoto. Aondoke. Mitetea hutaga vizuri bila jogoo; yeye anahitajika kwa mayai ya kuangua tu. Jeraha lioshwe kwa sabuni na maji mengi, likiwa karibu na jicho mkimbilie hospitali saa hiyo hiyo, na uangalie kama chanjo ya pepopunda ya mtoto haijapitwa.

Kuku mwenye vifaranga naye hurukia, na hapo hana kosa. Mpe eneo lake. Mtetea anayedonoa vidole vya miguu au vifungo vya nguo hana hasira, anajaribu kama vinalika. Mtoto avae viatu vilivyofunika vidole.

Mayai yamepungua

Anza na maji. Yai sehemu kubwa ni maji, na kuku aliyekaa na kiu siku moja ya joto anaweza kupumzika kutaga siku kadhaa. Kisha mwanga: wanahitaji saa 14 hadi 16 kwa siku ili watage mfululizo. Wakinyonyoka manyoya watasimama miezi 2 au 3, waache. Anayeatamia hatagi, na kama hana mayai ya kuangua mtoe kiotani, umweke siku tatu hivi kwenye tundu lenye sakafu ya wavu apoe tumbo.

Ukiisha kuyapitia hayo, mwangalie mtoto. Kuku anayefukuzwa kiotani hutafuta pa kujificha, kwa hiyo mayai yapo, ila vichakani. Yai lenye ganda laini linaweza kuwa upungufu wa kalsiamu, lakini pia linaweza kuwa la kuku aliyeshtuliwa kabla ganda halijakamilika. Na kuku anayekula mayai mara nyingi alifundishwa na yai lililovunjika likaachwa hapo, na mtoto aliyelivunja akanyamaza. Okota mara mbili kwa siku, tia kiza kidogo kwenye viota, na mpongeze mtoto anayekuja kusema "limevunjika".

Mabaki na vitafunwa visizidi sehemu moja ya kumi ya chakula chao. Mtoto akilisha siku nzima, chakula cha kutagia kinabaki. Chakula hicho nacho kisipewe vifaranga, kalsiamu yake nyingi huharibu figo zao. Na kama umewatibu, soma kwenye pakiti ni siku ngapi mayai hayaliwi.

Wanakufa ghafla, wengi

Hapa acha kuuliza nani amegusa nini, toa watoto wote nje ya eneo. Kuhara kijani, shingo kupinda, kuhema kwa shida ni dalili za kideri, ugonjwa wa virusi wa kuku. Vichwa kuvimba na panga zao kuwa bluu, vifo vikipita haraka, huenda ni mafua makali ya ndege, yanayoweza kumpata binadamu. Usichinje, usigawe, usiguse mikono mitupu. Mwite daktari wa mifugo. Kideri hakina tiba ila kina chanjo, na siku ya kuchanja watoto wakae mbali, kwa sababu virusi vya kideri vilivyo kwenye chanjo vikiingia jichoni huliwasha na kulifanya jekundu.

Mzoga uzikwe kwa kina, mbali na maji na mahali pa kuchezea. Mtoto mwambie amekufa. Usimwambie amelala. Aliyeambiwa amelala atarudi kesho na kijiti, achimbe, amwamshe.